Moto Uliopanda Gari la Moshi

Nimepanga vyumba Mwanza, Jinja, Kampala na Nakuru, na katika kila kimoja nilikuwa na msumari mmoja ukutani wa kutundikia koti. Msumari ulipoanza kulegea nilijua wakati wa kuhama umefika. Sasa nimevuka miaka arobaini na koti langu bado halijazoea ukuta wowote. Labda ndiyo sababu nakumbuka vizuri sana jinsi kaka yangu alivyopata lango lake, juu kule Koru, kwenye nchi ya ng'ombe wa Wazungu. Nilikuwepo tangu mwanzo hadi mwisho, na sehemu kubwa ya safari nilikuwa nimekumbatia jogoo.

Kwetu ni ufukweni, upande wa Kisian, mahali ambapo asubuhi unasikia wanawake wakigombana na ndege juu ya samaki walioanikwa. Kaka aliondoka mwaka uliofuata nzige. Walikuwa wamekula mtama wote wakaacha mabua yamesimama kama fimbo za wazee. Kaka akasema anakwenda kukamua ng'ombe kwa Mzungu msimu mmoja, kisha atarudi. Msimu ukazaa msimu. Mkewe akamfuata na mtoto wao wa kwanza, na wa pili akazaliwa hukohuko, katika nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mstari mmoja kama mabehewa, ukikohoa jirani anakwambia pole.

Baba hakuwahi kwenda kuwaona. "Nyasi ni za mtu mwingine," alisema. "Mwanangu amefunga mzigo wake kwenye mti wa njiani, basi. Nikamwangalie akiwa amekaa juu ya mzigo?"

Nami nilikuwa Mwanza wakati huo. Niliposhuka melini Kisumu, nikiwa na likizo na hamu ya kula ngege, samaki wa ziwa letu, wa mama, sikujua kwamba kuna neno nyumbani. Nilimkuta shemeji, mke wa kaka, ameketi kwenye mkeka mbele ya baba, amejifunika kanga, macho chini kama inavyompasa mke wa mwana mbele ya baba mkwe. Lakini sauti yake haikuwa chini.

"Baba, nimekuja kuomba lango."

Lazima nieleze hapa. Kwetu mtu anaweza kujenga nyumba kumi asiwe na *dala*. Dala ni boma lenye lango lake na jina la mwenyewe, na halianzishwi hivi hivi. Baba mtu hutangulia na kuonyesha mahali. Mtoto wa kwanza wa kiume hubeba shoka. Jogoo huenda pamoja nao. Mke hubeba moto kutoka jiko la wazazi, na nyumba lazima isimame kabla jua halijazama. Bila hayo, watoto wako ni wageni popote walalapo.

"Mume wangu amekuwa mkubwa wa wakamuaji," shemeji akaendelea. "Mzungu amempa mahali kilimani, mbali na ule mstari. Amesema tujenge tunavyotaka. Miti imekatwa. Nyasi zimekauka. Watu wapo. Baba ndiye tunayemngoja."

Baba alikuwa na kiko chake mdomoni, hakikuwashwa. Alikigeuzageuza.

"Na huyo Mzungu akiuza shamba?"

"Baba, hata nzige hawakutuuliza."

Mama alicheka kutoka jikoni, akajifanya anakohoa. Baba akatoa sharti lake, na sharti hilo ndilo lililotuendesha siku zote zilizofuata.

"Nitakwenda. Lakini moto utoke hapa, kwenye mafiga ya mama yenu, na ufike ukiwa hai. Ukizimika njiani, nitashuka kituo chochote tutakachokuwapo na kurudi, na mume wako atarudi nyuma yangu na ng'ombe wake. Sitawasha kiberiti cha duka la Mhindi kwenye nyasi za Mzungu nikaita hiyo dala."

"Nimesikia, Baba," shemeji akasema.

Nilimfuata nje. "Shemeji, unajua ni mwendo gani mpaka Koru? Na garini moto hauruhusiwi."

"Mimi nimepanda gari hilo mara ngapi, shemeji? Wewe beba jogoo."

Mama alichagua makaa ya mgunga mwenyewe, kwa vidole, bila koleo. Aliyalaza ndani ya chungu kidogo juu ya majivu, akayazungushia mavi makavu ya ng'ombe ambayo huungua polepole kama mzee anayekula akiwa hana njaa, akafunika kwa kigae chenye tundu. Kisha akaleta kapu la samaki waliokaushwa kwa moshi. "Hili likae juu," akasema. "Atakayenusa moshi atasema ni samaki."

Tuliondoka alfajiri kwa miguu, baba mbele, shemeji na chungu chake, mwanawe wa kwanza, aliyekuja naye kutoka Koru, na shoka begani likimzidi urefu, na mimi nyuma na jogoo mwekundu mwenye hasira. Pale Kisumu tuliingia daraja la tatu tukaketi kwenye benchi la mbao. Chungu kiliwekwa chini, kati ya miguu ya shemeji, samaki wakaketi juu yake kama malkia.

Hila ya mama ilifaulu mpaka tulipopita Kibos. Mwanamke mmoja aliyeketi mbele yetu alikuwa ameanza kunusa.

"Mama, samaki wako wanaungua."

"Walishaungua nyumbani," shemeji akajibu.

"Hapana, hawa wanaungua sasa hivi."

Ni kweli. Moshi mwembamba ulikuwa unapanda katikati ya mikia ya samaki. Baba akaanza kuvuta kiko ambacho hakikuwa na moto, anapuliza hewa tupu kwa bidii, ili ionekane moshi ni wake. Behewa zima likaanza kucheka. Na wakati huohuo akaingia gadi, Mhindi wa makamo mwenye kofia nyeupe, bendera ya kijani kwapani.

"Nini naungua hapa?"

Gadi akainua kapu, akaona kigae, akaona jicho jekundu ndani ya tundu. Akaruka nyuma.

"Moto! Ndani ya gari ya Serikali! Wewe nataka choma watu?"

"Gari lenyewe linakula moto, Bwana," baba akasema. "Tangu Kisumu linakula kuni tu."

"Ile moto iko na dereva. Hii iko na nani?"

"Iko na huyu mama. Anapeleka kwa nyumba yake mpya."

"Nyumba yake hapana kiberiti?" Tayari alikuwa ameshika chungu kwa ncha ya bendera yake, anaelekea dirishani.

Shemeji alishika upande wa pili wa chungu. Kilikuwa cha moto. Niliona vidole vyake vinababuka, lakini hakuachia. Nikafikiri: sasa hivi kitapasuka, na kaka yangu atashuka mlimani na ng'ombe wake. Nilikuwa na kisanduku cha kiberiti mfukoni. Nilimgusa shemeji nikakionyesha kidogo, kana kwamba namwambia tunaweza kuwasha tena bila baba kujua. Alinitupia jicho moja tu. Nilikirudisha.

Baba akasimama. Alikuwa mrefu, na kichwa chake kilikaribia paa la behewa.

"Bwana, wewe umeoa?"

"Nini?"

"Nauliza. Umeoa?"

"Mimi nalioa. Hiyo si maneno ya gari."

"Mimi nilikata miwa kwa ndugu zako, pale Kibos tulipopita sasa hivi. Niliona arusi ya mtoto wa tajiri yangu. Bwana na bibi walizunguka moto. Tulisimama nje ya uzio tukaona. Mbona hawakuzunguka kiberiti?"

Mtu mmoja nyuma akasema, "Mzee amemweza!" Gadi hakucheka. Alimtazama baba, akamtazama shemeji na vidole vyake, akaachia chungu taratibu.

"Mara saba," akasema. "Mara saba tunazunguka." Kisha akajikumbuka, akaweka kofia sawa. "Lakini hii behewa ya mbao. Hapana kaa hapa. Moto iende kwa moto."

Tulipofika Miwani alishuka mwenyewe, chungu kimezungushiwa tambara, akatembea nacho kando ya gari mpaka kwenye injini kama mtu aliyebeba maziwa yaliyojaa. Kutoka dirishani tulimwona akimpa kijana aliyekuwa anatia kuni kwenye tanuri. Kijana akapokea, gadi akapeperusha bendera, na tukaondoka, sisi nyuma na moto wetu mbele.

Shemeji alikaa hadi Muhoroni ameshika kapu la samaki lisilo na kazi tena. Injini ilipokunywa maji pale Muhoroni nilitaka nikimbie kuangalia, lakini baba akanishika mkono. "Mtoto ukimpeleka kwa bibi yake, humfuati kila saa kuuliza kama amekula." Hata hivyo alikuwa anatafuna kiko.

Baada ya Muhoroni gari linaanza kupanda. Injini inahema, na ukitazama nyuma unaona uwanda wa Kano umelala chini, na mbali kabisa ziwa, jembamba, linameta kama bati jipya. Nimeliona ziwa hilo kutoka pande zake nyingi. Kutoka pale nililiona kwa mara ya kwanza kama kitu kinachoweza kuachwa.

Kaka alikuwa anatungoja Koru na gari la ng'ombe lililoleta madebe ya krimu stesheni. Nilimjua kwa mwendo tu. Alikuwa amenenepa, amevaa buti na kofia ya manyoya yenye jasho, na alipoona baba anashuka alivua kofia akasimama kama askari. Hakuuliza habari za safari. Aliuliza, "Moto uko wapi?"

"Unakuja," baba akasema.

Kijana wa injini alikuja anakimbia, uso mweusi kwa masizi, chungu mikononi. Alikuwa mtu wa kwetu, wa upande wa Bondo, na alikuwa anacheka kwa majivuno.

"Mzee, huu hapa! Tazama!"

Akafunua. Chungu kilikuwa kimejaa makaa mekundu hadi ukingoni. Mama alikuwa ametia makaa machache tu. Shemeji aliyaona na uso wake ukabadilika kabla sijaelewa.

"Ndugu yangu," akamwambia polepole, "mbona yamekuwa mengi?"

"Yalikuwa yanazimika, mama! Upepo wa pale mbele ni mkali. Nikachota kidogo kwenye tanuri, nikawaongezea." Kisha akaona nyuso zetu, na kicheko kikamkauka. Naye alikuwa mtoto wa dala. Alijua amefanya nini. "Mzee... nilifikiri... kazi yangu ni kutoacha moto ufe."

Madebe ya krimu yaligongana kwenye gari. Kaka alimtazama baba, nami sijawahi kumwona mtu mzima aliyevaa buti akiwa na uso wa mtoto kiasi kile. Tuliyokuwa tumebeba yalikuwa mchanganyiko: jiko la mama yetu na tanuri la reli, na hakuna mwenye macho angeweza kuyatenganisha.

Baba aliinama juu ya chungu.

"Ulipoongeza," akamuuliza kijana, "wetu ulikuwa umekufa?"

"Hapana, Mzee. Kaa moja lilikuwa bado na jicho. Naapa kwa mama yangu."

"Moja?"

"Moja, Mzee. Kubwa. Nikaweka yale mengine juu yake."

"Juu yake. Siyo lenyewe juu ya yale mengine."

"Juu yake."

Baba akanyooka. Akazungusha kiko mdomoni kutoka kona moja hadi nyingine, kama alivyofanya siku shemeji alipoomba lango.

"Mama yenu nilimtoa Sondu," akasema. "Hakuna hata tone la damu yake lililokuwa letu. Alikuja akanikuta nyumbani. Watoto wake ni wa nani?"

"Wako, Baba," kaka akasema.

"Moto wa gari umeukuta wetu nyumbani, ndani ya chungu. Umeolewa. Umekuja na ndugu wengi, lakini umeolewa." Akamgeukia kijana wa injini. "Na wewe sasa ni mkwe. Mkwe hali bure. Mpeni samaki."

Shemeji alipiga kigelegele pale pale stesheni, mbele ya baba mkwe, kanga ikamwanguka kichwani. Hata ng'ombe wa gari walitikisa masikio. Kijana akapewa ngege wawili, injini ikapiga honi, naye akakimbia akiwa amewashika mikia.

Usiku ule chungu hakikugusa ardhi. Shemeji alikilisha mavi makavu akikiweka kwenye gari la ng'ombe, nje ya nyumba za mstari, kwa sababu moto wa safari hauketi mpaka ufike. Na asubuhi, umande ukiwa bado mzito, tulipanda kilima. Nchi ile ilinishangaza. Kila mahali waya, na ndani ya waya ng'ombe wasio na nundu, viwele kama mikoba iliyojaa, na chini bondeni josho la kuwaogesha dawa, linanuka mpaka juu. Kaka alimtaja kila ng'ombe kwa jina tulipowapita. Baba, aliyesema nyasi ni za mtu mwingine, alikuwa anasimama kila baada ya hatua chache kupima kiwele kwa macho.

Juu, baba alitazama huku na huku, akachukua shoka kutoka kwa mjukuu, akakata kichaka kimoja kidogo. "Hapa mlango. Pale lango. Lango litazame ziwa."

Basi kazi ikaanza. Sijawahi kuona watu wakifanya kazi vile bila kulipwa. Wakamuaji wote walikuja baada ya kukamua. Wanawake walipanda na mitungi ya maji kutoka mtoni wakakanyaga udongo wakiimba, na kila mmoja alikuwa na neno la kumtania shemeji kuhusu nyumba kubwa na mume mdogo. Mchungaji mmoja Mnandi, rafiki mkubwa wa kaka, alikuja na kibuyu cha maziwa, akasimama mbali na kapu la samaki upande upepo unakotoka.

"Bwana, hao nyoka wenu wa majini mtawaweka ndani ya nyumba?"

"Tutakufundisha kula," kaka akamwambia.

"Kabla ya hapo ng'ombe wangu watazaa mbuzi."

Hata hivyo yeye ndiye aliyepanda juu ya paa, na ndiye aliyekuwa wa mwisho kushuka. Mzungu alipita juu ya farasi wakati wa adhuhuri, akasimama, akatutazama tukirushiana matita ya nyasi, akauliza kama sherehe hii itaharibu ukamuaji wa jioni. Kaka akasema hapana. Akaenda zake. Kwa kweli sikuona yeyote akikumbuka kumtazama akiondoka.

Mimi nilifunga fito mpaka viganja vikachubuka. Mtu asiye na nyumba hupenda sana kujenga ya mwingine.

Jua lilipogusa vilima vya ng'ambo, kilele cha paa kilifungwa. Kuta zilikuwa bado mbichi, zinatoa maji. Ndipo shemeji akaingia na chungu, akainama kwenye mafiga matatu mapya, akamimina. Tulisimama nje tukingoja. Kwanza hakuna kitu. Kisha moshi mmoja mwembamba ukapenya katikati ya nyasi za paa, ukasimama wima, na watu wote juu ya kilima kile wakapiga kelele kama timu iliyofunga bao.

Baba hakulala pale. Si desturi baba kulala kwenye boma la mwanawe. Alilala chini kwenye nyumba za mstari, kwa mzee mmoja wa Sondu aliyedai ni shemeji yake kwa upande wa mama. Mimi nililala nje karibu na lango lisilo na milango, jogoo kwenye kapu kando yangu. Alinyamaza safari nzima, akaninyea mara mbili, lakini kabla ya mapambazuko alisimama juu ya kapu, akajinyoosha, akawika. Majogoo wa mstari walimjibu kutoka bondeni. Akawika tena, kwa nguvu zaidi.

Kulipopambazuka baba alikuwa amesimama langoni. Hakuingia kwanza. Alikaa kwenye jiwe, akajaza tumbaku kwenye kiko chake, akangoja. Shemeji akatoka, akapiga magoti, akampa kaa moja jekundu juu ya kigae. Baba akalishika kwa vidole, kama mama, akaliweka juu ya tumbaku, akavuta. Moshi wa kweli ukamtoka puani.

"Unafanana na wa nyumbani," akasema. Kisha akatabasamu, jambo ambalo halikuwa kazi yake. "Una ladha ya reli kidogo."

Wakati wa kurudi tulimkuta gadi yule yule. Alikuja mpaka benchi letu kabla hata hatujaonyesha tiketi.

"Mzee. Ile moto?"

Baba alisogea kumpisha nafasi akae. Kutoka Koru hadi Kisumu alimsimulia kila kitu, kutoka mafiga hadi jogoo, kwa sauti ya kusikika na behewa zima, na kila kituo alianza upya kwa ajili ya waliopanda. Tulipofika Kibos ile nyumba ilikuwa imekuwa kubwa kuliko stesheni. "Nina lango ufukweni," aliwaambia watu ambao hakuwajua, akielekeza kiko, "na nina lango mlimani. Hata nzige wakirudi, watakula wapi kwanza?"